Kijani Kila Jumapili

Ibada ya kwanza ilikuwa inatoka na ya pili inaingia, na mlango wa kanisa ni mmoja. Watu walisukumana kwa adabu, kila mtu akisema samahani huku akimkanyaga mwenzake. Pembeni, nyuma ya meza yenye kibao SADAKA KWA SIMU, ULIZA HAPA, alikaa karani wa kanisa. Gauni lake la kijivu lilikuwa limepigwa pasi upande mmoja tu, umeme ulikatika kabla hajageuza, na viatu alikuwa amevivua chini ya meza. Alishaulizwa swali moja mara thelathini, akachoka mpaka kope.

"Dada, simu yangu imekataa," ilisema sauti nzito.

Akainua macho. Kijana mrefu, koti safi juu ya ovaroli, kucha zina grisi.

"Wiki iliyopita ilikubali?"

"Ilikubali vizuri tu."

Karani akaichukua simu, akatazama namba na jina la aliyepokea. "Kaka, wiki iliyopita ulimtolea sadaka muuza matairi."

"Ndiyo maana aliniambia nibarikiwe!"

Wakacheka wote wawili, foleni nyuma ikiguna. Alikuwa fundi wa lifti, Jumapili nyingi yuko kazini, husahau kutoa. Karani akamwekea mpango wa simu kutoa yenyewe, kila Jumapili saa tatu asubuhi.

"Hata ukisahau, yenyewe haisahau."

"Na namba yako wewe, nayo inajituma yenyewe?"

"Hiyo inaombwa."

"Basi naomba."

Akampa. Baadaye alidai kwamba alikuwa amechoka mno kukataa. Tusimwamini.

Wakapendana miezi minane. Kijana akawa "Fundi wangu", karani akawa "roho yangu", na simu zao zikawa ndefu kuliko mahubiri. Lakini kazi ya karani ilikuwa inamla. Kila Jumatatu alifungua orodha ya watoaji: kila mtu na mstari wake, kijani kama ametoa, nyekundu kama hajatoa. Wazee wa kamati walipenda kuangalia jumla. Karani hakuiamini jumla, maana tajiri mmoja akitoa kwa nguvu, jumla inanenepa huku watu hamsini wakiondoka kimyakimya. Yeye aliangalia mistari, na kila mwekundu alimpigia simu, si kudai pesa, bali kumjulia hali. Wazo lilikuwa lake, na mzigo ukawa wake. Kufika adhuhuri sikio lilikuwa la moto, ameshasikia nani kaachishwa kazi, nani kaachwa na mume. Nguvu ya kumpigia anayempenda haikubaki.

Jumatano moja Fundi alipiga simu katikati ya kikao.

"Mpenzi, niko kikaoni, nitakupigia."

"Sawa, roho yangu, ila nili..."

"Nitakupigia."

Hakupiga. Fundi alizoea kwenda miji mingine kufunga lifti, wiki mbili, tatu, ndani ya mashimo ambako simu haishiki. Kila Jumatatu karani aliufungua mstari wake, akaukuta kijani, moyo ukatulia. Yupo, mzima. Alituma ujumbe wa "kazi njema mpenzi", akajibiwa "sawa", akaridhika. Uchovu humfanya mtu aridhike na vitu vidogo sana.

Jumatatu ya nne mstari ulikuwa mwekundu. Akampigia wa kwanza, anatabasamu.

"Fundi wangu! Leo umekuwa mwekundu, kulikoni?"

"Mwekundu wapi?"

"Kwenye orodha. Sadaka yako imegoma."

"Salio limeisha. Nimevunjika mguu, wiki ya nne sasa. Siku ile nilikupigia nikiwa hospitali."

"Mungu wangu! Lakini mpenzi, kila Jumapili nilikuona..."

"Uliniona wapi?"

Karani akautazama ule mstari mwekundu.

"Pesa iliingia, ukaniona mzima," Fundi alisema polepole. "Imekoma, umenikumbuka. Asante kwa kunijulia hali, dada. Kanisa linafanya kazi nzuri."

Akakata. Karani alipiga tena mara sita, simu imezimwa. Kilichomchoma zaidi ni lile neno "dada".

Alilia stoo, kati ya viti vya plastiki, akanawa uso, akarudi mezani. Kwenye orodha akawatenga watu arobaini na mmoja ambao simu zao zilitoa zenyewe. Walikuwa kijani mwaka mzima, kwa hiyo hakuwahi kuwapigia hata mmoja.

"Binti, hao ni wazima," alisema mweka hazina, mzee mpole mwenye miwani ya kamba. "Wa nini kuwapigia?"

"Mzee, sijui kama ni wazima. Najua simu zao ni nzima."

Wengi walishangaa, wakafurahi. Wa kumi na saba alikuwa bibi aliyezoea kukaa benchi la mbele. Akapokea binti yake.

"Mama tulimzika miezi miwili iliyopita. Tulimpeleka kwao. Tulijiuliza mbona kanisa liko kimya."

Karani alitoa pole mpaka maneno yakamwishia. Kisha akautazama mstari wa bibi. Kijani, kijani, kijani.

"Tumekuwa tunapokea sadaka ya marehemu, Mzee. Tukamwandika mzima."

Mweka hazina alivua miwani, akaifuta muda mrefu bila sababu. Karani akachukua mkoba, akatoka.

Saa kumi alikuwa mbele ya jengo la Fundi. Kwenye lifti pamebandikwa karatasi: MBOVU. Fundi wa lifti, ghorofa ya sita, mguu mmoja, na lifti imekufa! Siku nyingine angecheka. Alivua viatu, akavibeba mkononi, akapanda, kila ghorofa akisimama kushika ukuta.

Mlango ulifunguliwa na dada yake Fundi. Akamtazama kuanzia nywele hadi vidole.

"Kumbe una miguu. Ingia, wifi, kama bado ni wifi."

Fundi alikuwa kwenye kochi, mguu umefungwa plasta, ndevu zimeota ovyo.

"Nani kakutuma? Kamati?"

"Sijatumwa. Nimekosa, nisamehe. Nilichoka, nikaiacha orodha ikupende kwa niaba yangu."

Fundi aliangalia dirisha. "Na mimi ningesema. Nilinyamaza makusudi, nione utachukua siku ngapi."

"Ishirini na sita."

"Umehesabu?"

"Ngazini. Nilikuwa na nafasi ya kutosha."

Hapo Fundi akashindwa, akacheka, mguu ukamuuma, akacheka huku anaguna. Akamnyooshea simu yake.

"Zima hiyo ya kutoa yenyewe."

"Utasahau."

"Nikisahau, utaniona mwekundu. Ukiniona mwekundu, panda ngazi."

"Ngazi mia na nane, mpenzi! Siwezi kuzipanda maisha yangu yote."

"Basi zipande mara moja, usishuke."

Jikoni, dada mtu aliacha kuosha vyombo ili asikie vizuri.

"Hiyo ni posa," aliuliza karani, "au ni maumivu ya mguu?"

"Vyote viwili. Plasta ikitoka nakwenda kwa baba yako."

"Nitafikiria," alisema, lakini alishakaa kando yake na kulaza kichwa begani. Dakika tano baadaye alikuwa usingizini, mdomo wazi, na Fundi hakuthubutu kusogea ingawa bega lilikufa ganzi.

Jumatatu iliyofuata mweka hazina aliinama juu ya orodha. Mstari wa bibi ulikuwa umefungwa, na jina lake limeandikwa kwenye karatasi ya kusomwa ibadani. Mistari miwili chini yake kulikuwa na alama nyekundu.

"Binti, fundi wako tena. Humpigii simu?"

Karani alijua fika kwamba yule bwana hakusahau.

"Huyu hapigiwi, Mzee," alisema, akainama chini ya meza, akavua viatu vya kisigino, akavaa raba.