Punda Aliyerudi Matondoni

“Simila! Simila!”

Kelele hiyo ikipigwa katika barabara kuu ya Lamu, hata mwenye kanzu mpya huganda ukutani. Punda walikuwa wanapita na mifuko ya saruji, na Radhiya, aliyetoka kununua chaki, akajitupa mlango wa kwanza aliouona wazi. Ndani akamkanyaga mtu mguu.

“Karibu,” alisema huyo mtu, ameuma meno. “Na mguu wa pili huu hapa, kama wautaka.”

Alikuwa kijana mrefu, kikoi cha samawati, kofia imekaa upande, amezungukwa na maboksi ya vitabu. Ndiye Uthman, mwangalizi wa maktaba ndogo ya mtaa. Naye aliona buibui jeusi lisilo na pambo hata moja, mtandio wa rangi ya mdalasini, na macho mazuri ajabu yaliyokuwa hayatazami kitu.

Radhiya alikuwa mwalimu wa gredi ya pili, mzaliwa wa Chundwa kisiwani Pate, na mjane. Mumewe, Fahmi, aliugua ghafla, akazikwa kabla ya magharibi. Wanaume walikwenda makaburini, wanawake wakabaki nyumbani, kama ilivyo ada. Alikaa eda hadi mwisho bila kudondosha chozi, kisha akaomba kazi Lamu na hakurudi tena kwao. Watu walimsifu kwa subira. Subira gani! Alikuwa amekufa ganzi mwili mzima, kama mguu uliolaliwa vibaya, na ganzi hiyo alikuwa ameshaizoea.

“Mwalimu?” Uthman alichangamka aliposikia. “Basi Mungu ndiye aliyekuleta. Nimeletewa visa vya wanyama, vya kweli tupu, vya watoto wanaoanza kusoma. Mimi sijui kipi chepesi, kipi kigumu. Nisaidie kuchagua.”

Alikubali kwa sababu kukataa kungetaka maneno mengi zaidi.

Basi kila alasiri akawa anapita. Mlango uliachwa wazi, na Huwaida, dada yake Uthman, aliketi kizingitini akishona kofia ili watu wasiwe na la kusema.

“Huyu tembo aliyetumbukia kisimani?” Uthman aliuliza.

“Maneno marefu. Mtoto atachoka kabla tembo hajatolewa.”

“Na mbwa aliyevuka milima kurudi kwao?”

“Mchukue. Sentensi fupi.”

“Na mimi je? Sentensi zangu fupi?”

“Wewe huna nukta, Bwana Uthman.”

Huwaida alicheka hadi akajidunga sindano. Radhiya alitabasamu kwa midomo tu.

Uthman alikuwa amependa, na wala hakujificha. Jioni alipiga simu.

“Ushakula, mwandani?”

“Nimekula.”

“Nini?”

“Sikumbuki.”

“Basi hukula. Huwaida anakuletea mkate wa mofa na samaki.”

Radhiya alijua kwamba sauti ile ni tamu. Alijua tu, kama mtu aliyeona sukari ikitiwa kwenye chai lakini ulimi wake hauionji.

Siku moja Uthman alimwambia waziwazi, “Nataka kukuposa. Nitume watu kwenu?” Radhiya akaomba apewe muda. Akapewa, pamoja na kijitabu ambacho Uthman alikiandika na kukichora mwenyewe: kisa cha Saburi, punda wa babake, aliyeuzwa kisiwani Manda, akaruka baharini, akaogelea mkondo wote, akatembea hadi Matondoni na kusimama mlangoni pa bwana wake, maji yakimtiririka. Ukurasa wa mwisho, Saburi alizeeka, akafa.

Vitabu alivyoazima Radhiya kwa darasa lake, cha Saburi kikiwamo, viliporudi maktabani, simu yake ililia.

“Radhiya, umevitia gundi vitabu vyangu?”

“Kurasa za mwisho tu. Pale mnyama anapokufa. Nilizibandika.”

“Lakini ni visa vya kweli! Na wewe ndiye uliyevichagua!”

“Watoto ni wadogo.”

“Hata cha Saburi? Kama hukukipenda si ungenambia? Au ndilo jawabu langu hilo, na mimi mjinga nangojea?”

“Si hivyo, Uthman.”

“Ndivyo.” Akakata.

Mwanamke mwingine angelia. Radhiya aliweka simu chini, akaendelea kusahihisha madaftari ya watoto. Wiki zikapita hivyo hivyo, na chakula hakikuwa na ladha, wala hakikuwa kibaya.

Kisha Huwaida akaja shuleni na kijitabu kipya. “Kaka amekiandika upya. Auliza kama sasa kitakufaa.”

Radhiya alisoma amesimama. Katika kisa hiki Saburi hakufa. Alikuwa anakula majani Matondoni hadi leo, mzima, mnene. Kitu cha moto kikampanda Radhiya kutoka tumboni hadi kooni. Ilimchukua muda kutambua kwamba ni hasira. Kengele ya mwisho ilipolia alishika barabara kuu kwenda maktabani, mtandio umemteleza, na safari hii punda ndio waliompisha.

“Saburi yu hai?” aliuliza kabla ya salamu.

“Nimeandika upendavyo.”

“Alikufa! Uliniambia mwenyewe ulimlilia! Kwa nini wamsingizia uhai? Aliyekufa amekufa, Uthman! Mwandike amekufa!”

Wapita njia walisimama. Radhiya akaketi juu ya boksi.

“Walimtoa kwa mlango wa mbele,” alisema. Uthman akaelewa kwamba hazungumzii punda. “Mimi nikabaki ndani. Kesho yake nikaandaa vikombe viwili vya chai. Tangu siku hiyo najiambia ametoka kidogo. Sikukukataa wewe. Sina tu cha kukupa. Hapa,” akajigonga kifua, “hapasikii kitu.”

“Hapo? Mtaa mzima wa Langoni umekusikia sasa hivi.”

Radhiya alikaribia kucheka. “Nataka kwenda kaburini kwake. Sijafika hata siku moja.”

Uthman alimpenda mwanamke huyu, na sasa aombwa kumsindikiza kwa mwanamume mwingine. Radhiya aliona jinsi taya lake lilivyokaza, na akaona vile vile lilivyolegea.

“Asubuhi kuna mashua ya Pate,” alisema Uthman. “Tutakwenda na Huwaida.”

Makaburini Chundwa, Uthman na dadake walibaki nje ya ukuta. Radhiya aliingia peke yake, akasoma Fatiha, akasoma jina la Fahmi kwenye jiwe, na alipolifikisha mwisho kilio kikamtoka, kikubwa, kibaya, cha kamasi na kwikwi. Uthman alisikia yote. Hakuwa na ruhusa ya kumshika hata bega, akasimama tu juani.

Radhiya alitoka macho yamevimba.

“Wasikiaje?” Uthman aliuliza.

“Naumwa.”

“Wapi?”

“Kila mahali.”

“Alhamdulillahi,” alisema Uthman, na sauti ikamkatika. “Mato yako leo yanatazama. Sasa nambie, nitume watu?”

Radhiya alifuta pua kwa ncha ya mtandio.

“Watu wa nini? Babangu yuko nyumbani saa hizi,” alisema. “Ndia ni hii.” Akatangulia njiani.