Swali la Mchumba

"La zahanati usiniulize."

"Basi nisikuulize kitu."

"Uliza mengine, mpenzi. Uliza vitabu nilivyosoma, uliza kwa nini nilichagua mada hii, uliza hata bei ya tai. La zahanati achana nalo."

Walikuwa wamekaa kwenye ngazi za maktaba, wanafunzi wanapita na sahani zao wakielekea kantini. Kijana aliyekataza swali walimwita Spika tangu wiki ya kwanza chuoni, pale umeme ulipokatika akaendesha mkutano wa wanafunzi bila kipaza sauti mpaka mwisho. Binti mwenzake walimwita Wakili, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumshinda kwa maneno, wapishi wa kantini wakiwemo. Wote wawili walisomea afya ya jamii. Mwaka ulianza wakiwa kundi moja la majadiliano. Kufika muhula wa pili Spika alishampeleka nyumbani, na mama yake alishaanza kumwita mkwe.

Chuo chao kilikuwa na utaratibu wake. Kila anayewasilisha utafiti wa mwisho huchagua mwenzake awe mpinzani, amuulize maswali magumu mbele ya ukumbi mzima. Wengi huchagua mtu wasiyepatana naye ili waonekane mashujaa. Spika alimchagua mchumba wake.

"Nani atamchinja bwana harusi wake?" aliwaambia wenzake hosteli, wakacheka mpaka wakagonga kuta.

Kicheko kilikauka pale ngazini, alipomfanyia Wakili mazoezi ya kuwasilisha. Ripoti ilisema alizungumza na akina mama pale zahanati, katika mtaa ambao chuo kiliwapeleka kufanya kazi za jamii. Ilisema wote wameridhika kliniki ya watoto kufunguliwa asubuhi tu. Lakini mwezi aliouandika, zahanati ilikuwa imefungwa, inaezekwa upya. Kliniki ilihamishiwa darasa la shule ya msingi, na Wakili ndiye aliyekuwa akipima watoto uzito.

"Mwezi ule ulikuwa uwanjani unatangaza mechi za chuo," alimwambia.

"Kuna aliyeona sipo?"

"Mimi."

"Wewe ni wangu."

"Na wale akina mama ni wa nani?"

"Ah, Wakili! Ni ripoti tu. Itakaa kabatini ikila vumbi."

"Haikai kabatini. Zahanati wanapewa nakala, ndiyo wanapangia ratiba. Yule muuza mkaa mwenye mapacha, asubuhi ndiyo biashara yake. Akija mchana anakuta pamefungwa. Wewe umemwandikia ameridhika."

"Mimi simjui huyo muuza mkaa."

"Ndicho ninachokwambia."

Spika akafunga ripoti. "Unataka nifanye nini sasa?"

"Mwambie mwalimu kabla hujapanda jukwaani. Au tafuta mpinzani mwingine."

"Majina yameshabandikwa. Na mama kashashona nguo ya mahafali."

"Basi ukinisimamisha pale, nitauliza."

"Huwezi."

Wakili alichukua mkoba wake akashuka ngazi.

Siku ya kuwasilisha, ujumbe uliingia Wakili akiwa anapiga mswaki:

*Mama kaja na shangazi. Wako mstari wa mbele. Nakupenda. Usiniue.*

Akaandika: *Bado una saa nzima. Mwalimu yuko ofisini.* Ulisomwa. Haukujibiwa.

Ukumbini Spika alisema vizuri kama kawaida yake. Mama yake alikuwa akimgusa shangazi kwa kiwiko kila mwanawe anapotamka neno gumu. Makofi yalipotulia, mwalimu msimamizi akageuka.

"Mpinzani."

"Shemeji, mhurumie!" mtu akapiga kelele nyuma. Kicheko.

Wakili akasimama. Karatasi mkononi ilikuwa inacheza, akaiweka mezani.

"Akina mama hao ulizungumza nao wapi?"

"Zahanati, kama nilivyoeleza." Spika akatabasamu kwa ukumbi. "Mheshimiwa mpinzani leo ameamka vibaya."

Wakacheka tena. Wakili akangoja waishe.

"Mwezi huo zahanati ilifungwa kwa ukarabati. Nauliza tena. Ulizungumza nao wapi?"

Sasa hakucheka mtu. Mwalimu akavua miwani. Spika akafungua mdomo, akaufunga. Akamtazama mama yake, kisha akamtazama mchumba wake kwa muda mrefu.

"Sikuzungumza nao," akasema. "Majibu niliyatunga."

Uamuzi ulitoka siku hiyohiyo. Hatahitimu na wenzake. Atarudi mtaani muhula mzima, aanze upya.

Nje ya ukumbi mama alimkuta Wakili karibu na bomba la maji.

"Wewe ndiye niliyekuita mkwe?"

"Shikamoo, mama."

"Shikamoo yako kaa nayo. Ulishindwa nini kumnong'oneza?"

"Nilimnong'oneza, mama. Na leo asubuhi nimemwandikia."

"Ungenong'ona tena!" Mama akamshika shangazi mkono, wakaondoka.

Jioni Spika akaandika: *Umenivua nguo mbele ya watu. Tusijuane.*

Wakili akajibu: *Sawa.* Kisha akazima simu, akajilaza na viatu.

Wenzao walivaa majoho bila Spika. Wakili akapata kazi ya kujitolea ofisi ya huduma za jamii ya chuo, dirisha lake linatazama lango. Kila asubuhi alimwona Spika akitoka na mkoba mgongoni. Hawakusalimiana. Wiki za mwanzo alirudi mapema, kabla ya chakula cha mchana. Baadaye akawa anarudi jioni, suruali nyekundu kwa vumbi.

Siku moja simu ikaita.

"Ni mimi."

"Naona jina."

"Wananifukuza, Wakili. Kila mlango, wanajua. Wananiambia si wewe uliyeandika tumeridhika? Tangulia basi, useme na wewe neno, wanakuheshimu."

"Hapana."

"Hata neno moja?"

"Wakinisikiliza mimi watakujibu kwa ajili yangu. Kaa mlangoni mpaka wakuzoee. Muuza mkaa ana kigoda cha wageni. Usikikalie, kaa chini."

Wakili akakata. Akakaa akiitazama simu.

Muhula ulipokwisha Spika aliwasilisha tena, mpinzani akiwa kijana wa darasa jipya, na akapita. Zahanati ilipopata nakala, ikaanza kufungua kliniki mchana pia. Alikuja mwenyewe ofisini kumpa Wakili habari hiyo, akasimama mlangoni kama mwanafunzi aliyechelewa.

"Ingia, unazuia hewa."

Akaingia. "Muuza mkaa anakusalimia. Kanipakiza mapacha wote wawili nikambebea mpaka kwenye mizani. Mmoja kanikojolea."

"Kakuonea. Walitakiwa wakukojolee wote."

Alicheka kidogo. Kisha: "Sijaja kutaka uniombe radhi."

"Nisingeomba."

"Najua. Nimekuja kuomba mimi. Siku ile nilifungua mdomo ili nidanganye. Uongo ulikuwa tayari, mzuri kabisa, hata mwalimu angeukubali."

"Nilikuona. Ulizuiwa na nini? Mama?"

"Mikono yako. Ilikuwa inatetemeka. Nikasema, huyu anaogopa kuliko mimi, na bado ameuliza."

Wakili akageukia dirishani.

"Nililia usiku ule mpaka asubuhi," alisema. "Sijakurudia kwa sababu umefaulu. Tuelewane."

"Kwa hiyo umenirudia?"

"Usinichokoze, Spika."

"Nauliza tu."

"Siku ile ulijibu. Ungebisha, leo ningekufungia mlango huu." Akamgeukia. "Mama yako je?"

Spika akatoa simu, akapiga, akaiweka mezani ikisikika wote.

"Mama, nipo na mkweo."

Sufuria ikasikika ikifunikwa.

"Yupo anasikia?"

"Nipo, mama. Shikamoo."

Kijiko kikagonga ukingo wa sufuria.

"Marahaba. Jumamosi mje. Na uje mapema wewe binti, maana na mimi nina maswali yangu."