Samaki Ndani ya Friji Jipya

Kila Jumamosi Chiriku, msichana aliyepewa jina hilo kwa kuwa mdomo wake haukujua kutulia, alikwenda kumsaidia shangazi yake dukani. Alikunja mashuka na kufuta vumbi kwenye sufuria. Lilikuwa duka kubwa, na kwa miaka mingi liliuza nguo, viatu na vyombo. Sasa shangazi alikuwa ametia akiba yake yote kwenye bidhaa mpya: mafriji, majiko ya gesi na mashine za kufulia.

Tatizo ni kwamba wauzaji wake walikuwa watu wa vitambaa. Kwao friji lilikuwa kabati jeupe tu. Hawakuliunganisha na umeme, eti lisichakae kabla halijapata mnunuzi. Mkuu wao, kijana mtanashati aliyeitwa Kaka Pamba, alihifadhi humo soksi zake za kubadilisha. Soksi, tena ndani ya friji! Hata kusimulia kunatia kinyaa.

Jumamosi hiyo mama yake Chiriku alimwagiza samaki. Chiriku aliwanunua mapema, akawaweka kwenye friji la mbele, akaendelea na kazi. Alipofika nyumbani mikono mitupu ndipo alipokumbuka, na duka lilikuwa limeshafungwa.

"Usijali, mama," alisema. "Wamo ndani ya friji."

Jumapili duka halikufunguliwa. Jumatatu, Chiriku alipotoka shuleni, uvundo ulimpokea mlangoni mwa duka. Kaka Pamba alikuwa amefungua friji huku ameziba pua. Samaki walikuwa wamevimba na kupasuka. Maji mazito ya kijivu yalichuruzika hadi kwenye droo ya chini, na funza walikuwa wakijinyonganyonga kwenye mlango wa friji. "Samaki wa mama!" Chiriku alimaka, nusura atapike.

"Kumbe ni wewe!" Kaka Pamba alinong'ona kwa hasira. "Shangazi yako yuko ofisini. Akijua, umekwisha. Funga domo lako."

Aliwatupa samaki, akapitisha kitambaa kikavu mara moja, kisha akachukua chupa ya manukato rafuni na kupuliza friji zima. Sasa likanuka uozo na maua kwa pamoja, jambo lililokuwa baya zaidi.

Mara akaingia mama mmoja muuza maziwa.

"Natafuta friji, mwanangu. Maziwa yangu yanachacha, wateja wananikimbia."

"Umefika penyewe, mama! Chukua hili hapa."

Mama akainamisha kichwa ndani, akakunja uso. "Mbona linanukia hivi?"

"Ndiyo mitindo ya siku hizi. Yanatoka kiwandani na marashi yake."

Chiriku aliwaza maziwa ya mama wa watu yakikaa humo. Aliogopa shangazi, lakini alishindwa kuvumilia.

"Usilinunue, mama!" alipaza sauti. "Niliacha samaki humo, wakaoza!"

Shangazi akatoka ofisini. Kaka Pamba akacheka kinafiki. "Mtoto anatania tu, bosi."

Shangazi alivuta droo ya chini, akainua kwa ncha za vidole kitu kilichokuwa kikidondosha maji ya kijivu. Ilikuwa soksi.

"Na huyu," aliuliza, "ni samaki wa aina gani?"

Kaka Pamba akainamia viatu vyake vinavyong'aa. Shangazi alimwomba radhi muuza maziwa, kisha akaliwasha friji jingine mbele ya macho yake. Kesho yake mama huyo alirudi, akatia mkono ndani, akanusa kila pembe, akaridhika na kulinunua. Lile la samaki halikuuzwa kamwe.

Lakini jioni ile ya Jumatatu, shangazi aliwakabidhi wahalifu wake wawili ndoo na sabuni.

"Kusahau samaki ni uzembe, Chiriku, na utausugua," alisema. "Lakini kumuuzia mtu uozo uliopuliziwa manukato ndiko kunakonitapisha. Mama yule angemwaga maziwa yake kila siku bila kujua amekosea wapi. Umesema kweli huku unaniogopa, na kwa hilo nakushukuru. Wewe Pamba, kuanzia leo huuzi friji mpaka nikuamini tena. Haya, shikeni brashi. Funza hawajiondoi wenyewe."