Faili la Corwin

Haya yalimfika Delphine Arsenault, jirani yetu wa ghorofa ya pili hapa Somerville, mwanamke mpole anayesalimia hata mbwa wa watu. Asubuhi ile ya Februari alikwenda kazini kama kawaida, kahawa ya barafu mkononi ingawa nje theluji ilifika magotini.

Ofisi yao ilikuwa na watu sita, juu ya duka la mikate. Programu yao ndiyo iliyoyaelekeza magari ya kusafisha theluji katika miji minane, na iliandikwa kwa Lisp, lugha ya kompyuta ambayo kila kitu chake hukaa ndani ya mabano. Delphine aliijua programu hiyo kwa miaka minane. Corwin Tate, mwenzake wa kazi, alikuwa na mitatu tu.

Saa tatu simu zikaanza kulia. Magari kumi na moja yalikuwa yamerundikana mtaa mmoja, na njia ya hospitali ilikuwa imezibwa na theluji.

"Tuizime tuiwashe upya?" Ruthanne, bosi wao, aliuliza.

"Ukiizima leo umetuua, mama," Corwin akasema, akivuta kiti. "Niachie kidogo."

Akafungua kihariri chake, ile programu ya kuandikia, kilichounganishwa moja kwa moja na programu ya magari iliyokuwa ikiendelea kufanya kazi. Aliandika mstari, akabonyeza, jibu likatokea pembeni ya mstari uleule. Akabonyeza tena. Alikuwa kama mtu anayeongea na mgonjwa aliye macho: hapa panauma? Na hapa? Kisha akabadilisha maana ya jina moja tu ndani yake, programu ikiwa bado inafanya kazi, na magari yakatawanyika.

Watu wakapiga makofi. Ruthanne akamkumbatia. Delphine naye alipiga makofi, lakini kifua kilimwaka kama aliyemeza pilipili.

"Hata wewe ungeweza, Del," Corwin alimwambia akicheka. "Ni kukipanga tu kihariri vizuri. Nikuoneshe?"

"Nina changu, bwana. Asante."

Alikuwa nacho, lakini hakikuwa kimepangwa. Alihangaika mpaka adhuhuri akijaribu kukipanga. Mabano hayakulingana, muunganisho ulikataa, kila alichobonyeza kilirudisha makosa mekundu. Kumwomba Corwin hakutaka. Afadhali ameze sindano.

Corwin aliposhuka kwenda kula, Delphine alikaa kwenye kiti chake. Kiti kilikuwa bado na joto. Akalinakili faili la mipangilio la Corwin, lile linalokipanga kihariri, akarudi mezani kwake, akaliweka katika kihariri chake.

Kilifunguka bila kosa hata moja. Kila alichouliza kilijibiwa papo hapo. Delphine alicheka peke yake. Kumbe siri yote ilikuwa hii!

Kisha akauona mstari wa mwisho wa faili. Ulikiamuru kihariri kiungane na programu nyingine, isiyo na jina wala anwani. Pembeni mwa skrini palikuwa na dirisha jeusi, kishale kikipepesa. Kikimngoja.

Kwa kejeli tu, akaandika jina ndani ya mabano: Corwin. Akabonyeza.

*Anakula supu.*

Delphine akatazama dirishani. Ng'ambo ya barabara, nyuma ya kioo cha mgahawa, Corwin alikuwa ameinamia bakuli la supu ya chaza.

Angeacha hapo. Mwenyewe husema, angeacha hapo. Lakini alimwona mhudumu akimchekea Corwin kwa furaha, kila mtu humchekea hivyo, na ule moto wa asubuhi ukapanda tena.

Aliandika: mkono wa Corwin.

*Mzima.*

Vidole vikaendelea kabla moyo haujakataa. Alifanya alichomwona Corwin akifanya asubuhi: akalibadilisha maana jina lililo hai. Mkono wa Corwin: hakuna.

Akabonyeza.

*Sawa.*

Ng'ambo ya barabara, kijiko kilianguka.

Corwin aliutazama mkono wake wa kulia. Akaunyanyua kwa wa kushoto. Akauachia. Ukaanguka mezani kama samaki.

Delphine aliandika upesi. Mkono wa Corwin: mzima. Akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena. Gari la wagonjwa lilikuwa tayari linalia mtaani. Akabonyeza mara ya tatu.

*Hilo si lako kurudisha.*

Dirisha jeusi likajifunga. Halikufunguka tena.

Madaktari walipima kichwa, shingo, mishipa. Hawakuona kitu. Mkono ulikuwa na damu, ulikuwa na joto. Haukuwa na mwenyewe tu.

Corwin alirudi baada ya wiki tatu kuchukua vitu vyake. Delphine alimwingiza chumba cha mikutano, akafunga mlango, akamweleza yote kwa kunong'ona, macho sakafuni. Alingoja atukanwe.

"Del," Corwin alisema taratibu, "ungeniomba tu, ningekupa."

"Najua."

"Lakini mstari wa mwisho? Faili langu halina mstari kama huo."

Aliifungua kompyuta yake kwa mkono wa kushoto. Alikuwa na desturi ya kuhifadhi kumbukumbu ya kila badiliko: nani aliandika, lini, na neno la maelezo. Mstari ulikuwepo. Corwin akausoma. Akaigeuza skrini.

Mwandishi: Delphine Arsenault.

Tarehe ilikuwa ya miaka mitatu nyuma. Delphine aliijua. Ndiyo siku Corwin alipoajiriwa, akapewa nafasi ambayo yeye aliahidiwa. Siku hiyo hakuigusa kompyuta kabisa. Alijifungia chooni, akauma kiganja asisikike akilia, na moyoni mwake akasema neno moja. Hakulitamka. Hakumwambia padri, wala mama yake.

Katika nafasi ya maelezo, herufi kwa herufi, liliandikwa:

*Mkono wake ukauke.*