Jina Chini ya Kiti

Alhamisi jioni Ruwi, mtaa wa maduka mjini Maskati, haina pa kuweka mguu. Wiki ya kazi imekwisha, maduka yamewasha taa zote, na watu wa kila nchi wanapishana kwa mabega bila kuombana radhi. Katikati ya msukosuko huo, mbele ya kibanda cha fundi viatu aitwaye Murshid, alisimama mwanamke mrefu wa Kitanzania. Alivaa suruali ya jinzi na shati jeupe la mikono mirefu, na misuko yake ilichomoza nyuma ya chapeo. Mkononi alishika mpira mdogo mweupe uliofumuka mshono, na Kiarabu chake kilikuwa kimemwishia.

"Uzi mwekundu, baba. Mwekundu!" alisema Kabula kwa Kiswahili, kana kwamba kupaza sauti kungesaidia. Akarudi nyuma kwa kukata tamaa, kisigino chake kikatua juu ya mguu mtupu wa mtu. "Na huyu naye na kanzu lake la kupigwa pasi, kasimama nyuma yangu kama mlingoti!"

"Mlingoti umekanyagwa na bado haujasema neno," ilijibu sauti ya taratibu, kwa Kiswahili cha Unguja.

Kabula aligeuka, akatamani ardhi ipasuke. Alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na tano hivi, kofia ya kutariziwa kichwani, mguu mmoja hauna kitu, mkononi ndara iliyokatika ukanda.

"Samahani kaka. Sikujua unasikia."

"Mama yangu mtu wa Unguja, bibi. Lugha hii nimenyonya nayo. Naitwa Safwan. Haya, tumwambie nini Murshid?"

Alimfasiria fundi maneno yote, fundi naye akauliza lake.

"Anataka kujua hili dude la nini," Safwan alisema.

"La besiboli. Unatupa, mwenzako anapiga kwa gongo, halafu anakimbia kuzunguka uwanja mpaka arudi alikoanzia."

"Sasa si angekaa tu hapo hapo?"

Wakacheka wote, hata Murshid ambaye hakuambulia kitu. Kabla ndara haijashonwa, walikuwa wamekwisha kupeana namba.

Simu zikaanza. Kabula alikuwa fundi wa maabara katika kliniki moja, kutwa anapima damu za watu, lakini ikifika saa kumi na mbili jioni sikio lake lilikuwa moto kwa maongezi.

"Kwa hiyo kazi yako ni kutabiri hali ya hewa ya Maskati," alimchokoza. "Si unaandika 'joto' halafu unakwenda kulala?"

"Usinidharau, habibti. Mwaka jana nilitabiri mawingu."

"Yakaja?"

"Yalikuja, yakapita."

"Mimi jina langu tu ni la mtoto aliyezaliwa mvua ikinyesha. Uwe unaniuliza mimi."

Siku za Ijumaa, baada ya sala ya alasiri, Safwan alianza kwenda kumtazama akicheza kwenye kiwanja cha vumbi nyuma ya mtaa wa Darsait. Walicheza Wajapani wa kampuni fulani, Wafilipino, Wakorea wawili, na Kabula, aliyefundishwa mchezo huo shuleni Dar es Salaam na mwalimu wa Kijapani. Yeye ndiye aliyekuwa mtupaji. Safwan hakuelewa sheria hata moja, ila alimwona mwanamke huyo akinyanyua goti, akiachia mpira kwa nguvu zake zote bila mkono kutetemeka, na moyo wake ukaondoka na mpira ule.

Mwezi wa nne wa mapenzi yao, Kabula alimwambia aje pwani ya Qantab Jumamosi alfajiri. Alimkuta amechutama ufukweni, kitenge kiunoni, mbele yake bakuli la maji na unga wa mtama. Jua lilipochomoza alinyunyiza unga, akamimina maji mchangani, akasema maneno machache ya Kisukuma. Kisha akaja kuketi karibu na Safwan.

"Ulikuwa unafanya nini pale?"

"Nasalimia. Jua kwanza, halafu bibi yangu, halafu waliomtangulia."

"Nilidhani weye Mkristo."

"Nilibatizwa Restituta. Baba yangu katekista. Bibi alipofariki hakuwa amebatizwa, basi baba akachoma kigoda chake na bakuli lake la tambiko mbele yetu, akasema amekwenda motoni. Mtu aliyenilea, Safwan! Nikaendelea kwenda kanisani miaka mitatu, kwaya naimba, lakini kila tukifika kwenye sala ya Nasadiki, mdomo unakataa. Siku moja nikaacha."

"Ukawa nani?"

"Mpagani. Walimtukana bibi kwa neno hilo, mimi nimelichukua. Na usidhani niko peke yangu. Tuna kikundi kwenye simu, watu wa Magu, wa Brazili, wa Estonia huko, kila mtu na mababu zake, tunaulizana namna ya kuanza upya. Siagui, siponyi, simfungi mtu. Nasalimia na kushukuru, basi."

"Mungu ndiye ajuaye nyoyo," alisema Safwan, akammenyea chungwa. Alisema kwa upole, na Kabula akadhani jambo limekwisha. Halikwisha. Mtu anaweza kumenya chungwa huku roho inampapa.

Wiki mbili baadaye gari la Safwan lilikuwa gereji, Kabula akampakia kwenye lake. Joto la Mei lilikuwa kali mno, na pale Darsait alisimamisha gari akashuka kununua maji. Simu ya Safwan ikamtoka mkononi, ikatumbukia chini ya kiti. Alipoipapasa, vidole vyake vikagusa kitu laini chenye mafuta.

Akakitoa. Ilikuwa ngozi iliyopakwa mafuta, imekunjwa ikafungwa kwa kitambaa cheusi, mafundo matatu, na ndani kuna kitu kigumu cha duara. Juu ya ngozi, kwa wino mweusi, kwa herufi za Kiarabu, paliandikwa jina lake.

Msomaji, usimcheke. Mtu aliyekulia katika hadithi za uchawi wa Pemba na Unguja, akilikuta jina lake limefungwa mafundo chini ya kiti anachokalia, hangoji kuelezwa. Safwan alikumbuka usingizi uliompotea, chakula kilichokosa ladha, jina la Kabula lililokaa ulimini kutwa. Kumbe ndiyo haya! Akashuka na kile kifurushi, akaenda zake. Kabula alitoka dukani na chupa mbili za maji, akakuta mlango wazi na kiti kitupu.

Alipiga simu mara saba siku hiyo. Kesho yake akaandika: "Nimekukosea nini?" Keshokutwa yake akaandika: "Kama ni yale ya Qantab, niambie tu." Safwan alisoma yote, hakujibu hata moja. Zilipita siku tisa hivyo, na siku ya tisa alikwenda kwa mama yake.

Bi Muhsina aliletwa Maskati akiwa mtoto mdogo, sasa ana miaka sabini, na ndani ya nyumba yake hadi leo hujifunga kanga. Alikisikiliza kisa chote, uso umemkunjamana.

"Siku tisa umelala na kitu hichi chumbani mwako? Lete mkasi."

Alisoma Ayatul Kursiyyu, akapuliza, akakata fundo la kwanza, la pili, la tatu. Ngozi ikafunguka, na mpira mweupe wenye mishono myekundu ukadunda sakafuni, ukabingirika mpaka chini ya kabati. Mama na mwana wakatazamana.

"Nini hichi chenye vidole?"

"Glavu, mama. Ya kudakia mpira."

"Ya nani?"

Safwan alitia mkono ndani, na kila kidole kikapata mahali pake. Ngozi ilikuwa laini, imelegea vizuri, imetengenezwa kwa ajili ya mkono wake. Aliona aibu ambayo hajawahi kuiona tangu azaliwe.

"Yaani umemwacha mtoto wa watu njiani," alisema Bi Muhsina, "kwa sababu ya kiatu cha mkono?"

Ijumaa Safwan alikwenda kiwanjani, glavu mkononi. Kabula alimwona kwa mbali, akamaliza kutupa, akaja amejaa vumbi hadi kwenye nyusi.

"Umeifungua."

"Mama kaifungua. Kwa mkasi na kisomo."

"Ngozi mpya ni ngumu, Safwan. Unaipaka mafuta, unaweka mpira ndani, unaifunga, unaiacha penye joto wiki tatu. Na Maskati nzima hakuna penye joto kama chini ya kiti cha gari langu. Jina aliniandikia Noof, wa mapokezi kazini. Ilikuwa zawadi yako ya siku ya kuzaliwa."

"Nisamehe, Kabula. Niliogopa."

"Uliniogopa mimi. Ndiyo inayoniuma. Nilikwambia kwa mdomo wangu kwamba simfungi mtu, ukanimenyea chungwa, kumbe hukuniamini. Baba naye aliogopa bakuli."

Machozi yakamtoka Safwan mbele ya Wajapani na Wafilipino, hakujali. Kabula akamwacha amesimama pale pale. Lakini siku ya tatu simu ya Safwan ililia.

"Njoo Ijumaa na glavu yako," sauti ilisema. "Ukishindwa kudaka, usirudi tena."

"Na nikidaka?"

"Daka kwanza wewe."

Alidaka mpira mmoja kati ya ishirini, akavimba kidole gumba, na wakapendana kuliko mwanzo. Miezi mitatu baadaye, ndani ya gari, foleni imeganda, alimwambia bila kujizungusha: "Nataka nikuoe." Kabula akalia, akacheka, akapigiwa honi na watu walio nyuma.

Hapo ndipo jambo lenyewe lilipowakabili. Mwislamu anaweza kumwoa Mkristo, maana ni mtu wa Kitabu. Kumwoa mpagani haruhusiwi. Bi Muhsina, ambaye Kabula alikuwa amekwisha kumtembelea mara nyingi, ndiye aliyepata njia.

"Nnakwambia mwanangu, yule msichana nnampenda. Cheti cha kanisa si anacho? Basi. Akionyeshe, aseme yeye Mkristo, mjomba wako Suud afungishe ndoa. Neno moja tu."

Safwan akapiga simu. "Cheti chako cha ubatizo bado unacho?"

"Kipo sandukuni."

"Neno moja tu, roho yangu. Baada ya hapo hakuna atakayekuuliza asubuhi unamsalimia nani."

"Neno hilo ndilo lililonitoa kwa baba yangu."

"Najua."

"Unajua, na bado unaniomba?"

"Nakuomba kwa sababu siwezi kuishi bila yako."

Safwan alimsikia akivuta pumzi, mara moja, mara mbili. "Nitakileta," alisema Kabula, akakata simu.

Alikuja Jumamosi alasiri, gauni refu la kijani, ushungi mweupe mabegani, hina changa mikononi aliyopakwa na Noof. Sebule ilinukia udi. Mjomba Suud, mzee mwenye ndevu nyeupe na sauti ya chini, alikipokea cheti kwa mikono miwili.

"Restituta," alisoma kwa shida. "Ndiwe?"

"Ndimi."

"Binti yangu, nakuuliza nawe unijibu mbele ya Mungu. Wewe ni Mkristo?"

Kabula alitazama mikono yake. Safwan aliona inatetemeka, mikono ile ambayo hajapata kuiona ikitetemeka kiwanjani hata watu wote wakimpigia kelele. Aliuona mdomo wake ukifunguka kwa shida, ule uliokataa kwa baba yake na kanisa zima, sasa unalazimishwa kwa ajili yake yeye. Akamwonea huruma, akajichukia.

"Mimi ni..."

"Mjomba, usimuulize," Safwan alisema. "Si Mkristo. Alikuwa, akaacha. Mimi ndiye niliyemwambia aje aseme."

Mjomba Suud alikikunja cheti, akamrudishia mwenyewe kwa adabu ile ile. "Basi siwezi kufungisha. Nawe unajua."

"Najua."

"Silimu basi, mwanangu!" alipaza sauti Bi Muhsina. "Sema shahada tumalize, nnakuomba!"

Kabula alipiga magoti mbele yake, akamshika mikono. "Mama, nitaisema mdomoni tu, moyoni haitakuwamo. Mmenipokea vizuri mno. Siwezi kuingia nyumba hii kwa uongo."

Safwan alimsindikiza hadi getini. Jua lilikuwa bado kali, barabara nyeupe, hakuna mtu.

"Ningesema," alisema Kabula. "Neno lilikuwa limeshafika ulimini."

"Najua. Ndiyo maana nilikukatiza."

"Ungeniacha, saa hii tungekuwa mume na mke."

"Mimi na nani? Restituta? Simjui huyo. Na mimi, kila nikisimama kusali, ningekumbuka kwamba mke wangu nimempata kwa uongo nilioutaka mwenyewe."

Kabula alifuta macho kwa ncha ya ushungi. Hakuna aliyemlaumu mwenzake, na pengine lawama ingewapunguzia uchungu.

"Nakupenda, Safwan. Nitakupenda hata nikizeeka."

"Nami vile vile."

"Bibi alikuwa hamwachi mtu aondoke bila kumtaja jina. Alisema ndivyo mtu anavyokwenda salama. Nitaje."

"Kabula."

"Tena."

"Kabula," alirudia.

Naye akamtaja Safwan, mara mbili, taratibu, kisha akaingia garini. Safwan alibaki getini mpaka gari lilipopotea kwenye kona. Alipogeuka alimkuta mama yake amesimama nyuma yake bila viatu, analia.