Wimbo wa Ukumbini Katika Midomo ya Watoto

Habari niliipata nikiwa na pini mdomoni, ndiyo maana sikuijibu. Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule ya kanisa iliyo nyuma ya nyumba yetu. Mteja niliyekuwa nampima kiuno aliinama akaninong'oneza:

"Mama Mwalimu, unajua mwanao anaonekana na yule kijana wa maspika? Yule wanayemwita Besi, anayepiga muziki ukumbini kila Jumamosi?"

Mwanangu ndiye mwalimu wa kwaya wa shule hiyo. Nilimlea kwa nyimbo za ibada, akatoka mikononi mwangu akaingia chuo cha kanisa, akatoka chuo akaingia shule ya kanisa. Mteja akaondoka na gauni lake, neno likabaki. Nakata kaptula za watoto, neno lipo. Nakoroga chai, neno lipo. Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Hili lilikuwa limeshafika, na hivi ndivyo lilivyoanza. Nimesimuliwa na wenyewe, kila mmoja kwa upande wake.

Ilikuwa mchana, kwenye uchochoro wa mafundi wa redio, kila kibanda kinapiga wimbo wake na kila mtu anapaza sauti kumshinda jirani. Mwanangu alikuwa na sketi ya buluu niliyomshonea mwenyewe, blauzi nyeupe, nywele amezifunga nyuma. Alikuwa amebeba maiki ya shule ndani ya taulo kama mtoto mchanga. Kijana alikuwa na fulana nyekundu na bisibisi nyuma ya sikio.

"Kaka, nimekuletea mgonjwa. Anakohoa."

"Tangu lini?"

"Tangu ibada ya Jumatatu. Watoto wakiimba, yeye anakoroma."

Kijana akaifungua, akapuliza vumbi, akaunga waya kwa risasi ya kulehemu, moshi ukanuka. "Haya, jaribu."

Mwanangu akaisogeza mdomoni. "Bwana asifiwe."

Uchochoro mzima, pamoja na waliokuwa wanagombania bei, ukaitikia, "Amina."

Kijana alicheka hadi bisibisi ikaanguka. "Dada, sisi hapa tunasema moja, mbili."

"Moja, mbili ni hesabu. Mimi nafundisha kuimba."

"Basi nikikupigia simu nianze na lipi?"

"Nani kakwambia utanipigia?"

"Mgonjwa lazima afuatiliwe hali yake."

Akampa namba. Mimi mama mtu ningemnyima, lakini sikuwepo.

Simu zikaanza.

"Mgonjwa anaendeleaje?"

"Amepona. Daktari je, mzima?"

"Daktari ndiye kaugua sasa. Hali, halali."

"Anywe maji, atapona."

"Maji hayafiki kunakouma, mpenzi."

Kijana alikuwa na tabia ya kuimba kwa pua huku anakunja nyaya zake, na simu iko sikioni. Kila siku wimbo uleule, unapanda, unashuka, unageuka kama mtoto anayebembea. Siku moja mwanangu akamwuliza, "Huo wimbo mtamu ni wa nani?"

Kijana akaacha kukunja nyaya. Ulikuwa wimbo wa baa, wa mlevi anayemwita mhudumu. Mwaka ule ulikuwa haukwepeki, ukienda kununua sabuni unausikia. Nchi nzima iliujua, isipokuwa mwanangu. Kijana akaogopa kwamba akitaja ukumbi, simu itakatwa.

"Uko kichwani mwangu tu," akasema.

Mwanangu akadhani kautunga yeye. Mapenzi yakampa wazo. Aliutilia maneno ya kondoo aliyepotea, akafunga mlango wa darasa, akawafundisha watoto kwa siri, ili siku ya mahafali amshtue mpenzi wake kwa furaha. Ndiye aliyemwombea kazi ya kuleta spika siku hiyo. Mwalimu Mkuu, mama mfupi asiyepindisha maneno, alikubali kwa sharti moja: "Spika zije. Muziki wake aufungie huko huko."

Siku ikafika. Maturubai, viti vya kukodi, watoto wana soksi nyeupe na riboni nilizozikunja kwa mkono. Kwaya ikasimama, mwanangu mbele yao, gauni la kijani limemkaa hata mimi niliyelishona nikajisifu. Watoto wakaanza:

"Kondoo yuko wapi, bonde limeingia giza..."

Kwenye uzio walikosimama madereva pakaitikiwa, "Leta nyingine, meza imekauka."

Wajomba wakacheka, wakaudaka wimbo. Mashangazi wakainuka kucheza na mikoba yao. Darasa la mwisho, wale wanaohitimu, wakashika viuno na kuzungusha, wote kwa mtindo mmoja, kama waliofanya mazoezi mwaka mzima. Mzee wa Kanisa, kiti cha mbele kabisa, alifumba macho na mabega yakaanza kwenda yenyewe, mpaka mkewe akamkanyaga kiatu. Kijana akateremsha sauti ya spika mpaka mwisho, lakini mtoto hazimwi kwa swichi.

Kilichoniuma ni hiki: mwanangu alidhani watu wamebarikiwa. Akainua mikono juu zaidi.

Ndipo akauona uso wa Mwalimu Mkuu.

"Kwaya usiiguse tena," aliambiwa baadaye, "mpaka kamati ikae. Wazazi wameleta watoto kwetu wakimbie hayo, sisi tumewapa jukwaa la kuyachezea."

Mwanangu akamkuta kijana getini anapakia masanduku.

"Uliujua ule wimbo?"

"Niliujua."

"Nikakuuliza, ukanidanganya."

"Ungenikatia simu."

"Ningekukatia siku ile moja. Sasa nimekukatia zote."

Nyumba yetu ikawa kama shule siku ya likizo. Mwanangu hali vizuri, haimbi hata anapofua. Bila kwaya, angebaki na nini pale shuleni? Kazi ile ndiyo ilikuwa pumzi yake. Na kijana, kwa kuwa simu haipokelewi, akahamia kwenye cherehani yangu. Akaleta suruali nipunguze. Kesho akaileta ileile.

"Mama, bado ndefu kidogo."

Nikapunguza. Akarudi tena.

"Kijana, hii sasa ni kaptula."

"Mama, Mwalimu anasemaje?"

"Mwalimu haongei na watu wa kaptula. Nisikilize. Mwanangu anaadhibiwa kwa kitu usichomwambia. Kamati inakaa Alhamisi. Yale uliyomficha yeye, nenda kayaseme mbele ya watu. Ukishindwa, usinisumbue na kitambaa."

Alhamisi tulikaa maktaba, nami nikiwemo, maana ni mjumbe kwa upande wa wazazi. Mzee wa Kanisa akaanza kwa ukali.

"Huyu binti ameingiza dunia shuleni kwa mlango wa kwaya. Ule wimbo hakuna asiyeujua."

Mwalimu Mkuu akamgeukia mwanangu. "Uimbe, kwa maneno ya kule ukumbini."

"Siyajui, Mwalimu."

"Hata mstari mmoja?"

"Nilisikia wakisema meza. Nikafikiri ni Meza ya Bwana."

Tukaangalia chini ili tusicheke. Mwalimu Mkuu akamgeukia Mzee. "Na wewe, Mzee wetu, unayajua?"

"Nimewahi kuusikia mahali," Mzee akasema.

"Mabega yako yaliusikia vizuri."

Mlango ukagongwa. Kijana akaingia, shati jeupe, na suruali nzima, nikamshukuru Mungu.

"Shikamooni, wazazi wangu. Wimbo niliuleta mimi. Ukumbini una mahali pake, hapa hauna, na nililijua hilo. Mwalimu aliniuliza, nikaficha, kwa kuwa nampenda na niliogopa kumkosa. Kama kuna wa kufukuzwa, fukuzeni spika zangu."

Mwanangu alikuwa anatazama dirishani, lakini masikio yake yote yalikuwa kwa kijana.

Mwalimu Mkuu akafikiri. "Mwalimu, kwaya ni yako. Ila kuanzia leo kila wimbo mpya tunaulizana kwanza umetoka wapi. Ukiingiza wimbo kwa sababu ni mtamu tu, kesho tutaingiza na mengine kwa sababu ni matamu, na hii haitakuwa tena shule ya kanisa, itakuwa ukumbi wenye kengele. Lakini nasi wazazi tujiulize. Kile kiuno cha darasa la mwisho hakikufundishwa na binti huyu. Kilitoka sebuleni kwetu, kwenye simu zetu, na kwenye gari linaloleta watoto asubuhi."

Hapo nilinyamaza na pini sikuwa nazo.

Jioni simu ya kijana ikalia.

"Haloo, ni kwa daktari hapo?"

"Ndipo, mpenzi."

"Maiki yetu imeanza kukohoa tena. Uje kesho. Na wewe uje na ukweli wako wote, usibakize."

Akaja na spika mbili ndogo, mpya, ameziandika kwa rangi nyeupe: SHULE TU. Hizo hazijakanyaga ukumbini hadi leo. Nilikuwa pale kwenye bwalo la shule napima mapazia. Akaifungua maiki, akaifunga, akaisogeza mdomoni.

"Bwana asifiwe. Moja, mbili. Mwalimu, mimi ni yule kondoo. Utakubali niwe mume wako?"

Mwanangu akamnyang'anya maiki. "Hiyo haijakaa sawa. Rudia kutoka mwanzo."

Akarudia. Akakubaliwa. Gauni nalishona sasa hivi, lakini kabla sijamaliza pindo, nawaachia wazazi wenzangu haya ya kuepuka:

Usimfundishe mtoto wimbo ambao hujui umezaliwa wapi.

Usiseme "ni utoto tu" mtoto anapokata kiuno mbele ya wageni.

Usimpe simu anyamaze wakati unapika.

Usimpandishe mtoto gari la shule bila kusikiliza dereva anafungulia nini.

Usilaumu shule kwa ulichokifundisha sebuleni.

Usikae kiti cha mbele kama mabega yako huyaamini.

Na wewe kijana, usimfiche mwalimu kitu, hata wimbo. Na suruali usiniletee tena.