Yungiyungi la Bombani

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Cherehani alifagia uani, akaosha vyombo vya chai, kisha akaenda kulitazama yungiyungi lake. Kulitazama tu. Jina la Cherehani alipewa nyumbani kwa sababu mdomo wake, kama cherehani ya fundi, haukujua kupumzika.

Mama yake, muuguzi, alikuwa masomoni mji wa mbali. Kabla ya kuondoka alipanda kiazi cha yungiyungi karibu na bomba la uani. "Hili linapenda maji," alimwagiza bintiye. "Udongo usikauke. Nikirudi, nataka nilikute limechanua."

Lilistawi kweli. Kila Mama alipopiga simu, Cherehani alijigamba, "Ninalimwagilia kila siku, Mama, mpaka mgongo unauma!"

Mgongo gani? Hakuwahi kubeba hata kopo! Bomba lilikuwa linavuja, nalo ndilo lililofanya kazi yote.

Bomba bovu nyumbani kwa fundi bomba! Baba yake alichoka kutaniwa na majirani, akalitengeneza. Tone halikudondoka tena. Jua likawaka, na zikiwa zimebaki siku chache Mama arudi, majani yakalala chini, yamekuwa ya manjano.

Cherehani alipandwa na hasira. Alimvamia baba yake mlangoni, hata hajatua mfuko wa vifaa.

"Baba, umeniulia ua langu! Nani alikutuma uguse bomba lile?"

"Unasemaje wewe?" Baba alifoka. "Mimi nimefunga bomba. Mikono yako nani kaifunga? Si unamwambia mama yako unamwagilia kila siku?"

Cherehani alimkasirikia baba, akalikasirikia bomba, na zaidi ya yote alijikasirikia mwenyewe.

Baba alikwenda bombani, akafukua udongo kwa kidole. "Kiazi bado kigumu, hakijafa. Lakini leo utamwambia mama yako ukweli, kwa mdomo huo huo."

Alimwambia, huku akilia. "Miezi yote hiyo?" Mama aliuliza, kisha akakata simu. Afadhali angegomba.

Tangu jioni ile Cherehani alibeba maji yaliyooshewa mboga, akayamwaga taratibu shinani, akafunika udongo kwa nyasi kavu usipoteze unyevu. Mama aliporudi, alikuta majani mawili machanga. Ua hakuna.

"Nimemwagilia jana na leo, Mama," Cherehani alisema, macho chini. "Juzi nilisahau."

Mama alikuwa bado amekunja uso. "Ua litachanua msimu mwingine, nitalisubiri. Lakini nikiwa mbali, macho yangu hapa nyumbani ni maneno yako. Ukinidanganya, umenipofusha. Unanielewa?"

"Ndiyo, Mama. Nisamehe."

"Hilo la juzi nimeliamini," Mama alisema, akamkabidhi ndoo. "Anzia hapo."